Dohani na Moshi Wake

Neno dohani lilitufikia kutoka katika lugha ya Kiarabu. Kwa Waarabu maana ya asili yake ni moshi wenyewe; kwetu sisi Waswahili limekuwa jina la bomba litoalo moshi, liwe bomba la meli, la jiko au la kiwanda. Katika safari yake ya kuvuka bahari neno hili liliuacha moshi likashika bomba. Jambo hilo si kosa, maana maneno husafiri kama watu, na msafiri aghalabu hubadili mavazi. Lakini katika historia liko taifa moja kubwa ambalo lilifanya badiliko kama hilo, si katika lugha bali katika matendo: lilidhani kwamba aliyeitengeneza dohani ameutengeneza na moshi. Taifa hilo ni Uingereza, na dhana hiyo ilidumu kadiri ya miaka 30. Nakusudia katika insha hii kusimulia jinsi dhana hiyo ilivyozaliwa, ilivyowadhuru watu wasiokuwamo katika shauri, na jinsi ilivyoachwa. Kwa kuwa habari za mbali huwa na manufaa kwa mwenye kuzitafakari mapema.

Yafaa kwanza tueleze asili ya jambo lenyewe. Makaa ya mawe ni mimea ya zama za kale iliyozikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka hata ikawa mwamba mweusi wenye kuwaka. Mtambo wa umeme huyachoma makaa hayo chini ya tangi kubwa la chuma. Maji huwa mvuke, mvuke huzungusha mapanga ya mashine, na mashine huzalisha umeme. Mwenye kuwasha taa chumbani mwake haoni moto wala hanusi moshi. Walakini moto upo, ijapokuwa uko mbali, na hutoa vitu vitatu vikubwa. Cha kwanza ni masizi na jivu jepesi, ambavyo jicho huviona. Cha pili ni hewa ya salfa, madini yale yale ambayo wazee waliyaita kiberiti. Hii jicho haliioni, lakini pua na mapafu huitambua, na ikikutana na maji mawinguni hugeuka tindikali. Cha tatu ni hewa ya ukaa, ambayo jicho haliioni wala pua hainusi, lakini hukusanyika angani na kulizuia joto la dunia lisitoke. Zimo na hewa nyingine, kama zile za nitrojeni, lakini hizi tatu zatutosha. Mwanadamu alipigana kwanza na kile alichokiona, akachelewa kupigana na kile alichokinusa, na bado anavutana na kile asichokiona wala kukinusa.

Malalamiko juu ya moshi wa makaa ni ya kale sana mjini London. Mfalme Edward wa Kwanza, aliyetawala tangu mwaka 1272 hata 1307, alipiga marufuku makaa hayo katika matanuri ya mji. Amri yake haikufuatwa sana, kwa sababu kuni zilikuwa zikiadimika na baridi haingoji ruhusa ya mfalme. Mwaka 1661 mwandishi John Evelyn alimpelekea Mfalme Charles wa Pili kitabu kidogo kiitwacho Fumifugium, akieleza jinsi moshi ulivyoharibu majengo, nguo na vifua vya watu. Dawa aliyoishauri yastahili kukumbukwa. Hakusema moshi ukomeshwe. Alisema watengeneza pombe, wachoma chokaa na wengine wenye matanuri makubwa wahamishwe maili kadhaa, upande wa chini wa mto, na mji uzungushiwe mimea yenye harufu nzuri. Hao ambao wangekaa karibu na matanuri yaliyohamishwa hakuwataja sana. Hapo tunaiona mbegu ya kosa ambalo lingekuja kukua miaka 300 baadaye.

Si kwamba njia bora haikujulikana. Katika karne ya 19 viwanda vya magadi vya Uingereza vilitoa hewa ya tindikali iliyounguza mashamba na miti ya jirani. Wenye viwanda walijaribu kwanza kurefusha dohani, na matokeo yake yakawa kuyaunguza mashamba ya mbali zaidi. Kisha ikagunduliwa kwamba hewa hiyo ikipandishwa ndani ya mnara uliojaa vijiti au mawe, huku maji yakiteremka kutoka juu, maji huinasa. Mwaka 1863 Bunge lilipitisha sheria iliyovitaka viwanda hivyo kunasa sehemu 95 katika kila 100 za hewa hiyo. Wenye viwanda walinung'unika, lakini muda si muda wakaona kwamba ile tindikali waliyoilazimishwa kuikamata yaweza kutengenezewa dawa ya kung'arishia nguo, nayo huuzwa kwa fedha. Mkaguzi mkuu wa sheria hiyo alikuwa mkemia Robert Angus Smith, aliyeishi Manchester. Yeye ndiye aliyeandika mwaka 1872 kitabu juu ya hewa na mvua, na ndani yake akatumia jina la mvua ya tindikali. Jina lilikuwapo tayari, na dawa ilikuwapo tayari, kabla ya mtambo wa kwanza wa umeme wa watu wote kuwashwa mjini London.

Mtambo huo uliwashwa mwezi wa Januari 1882 penye daraja la Holborn. Ulikuwa mdogo, wa kuwasha taa za mtaa na za majumba machache. Miaka ilivyopita mitambo midogo ilizagaa kila upande, kila mmoja na dohani yake, hata ikaonekana ni afadhali kuwa na mitambo michache mikubwa iliyounganishwa kwa nyaya. Basi mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya umeme ya London ilitaka kujenga mtambo mkubwa Battersea, ukingoni mwa Mto Thames upande wa kusini. Habari hiyo ilizusha kelele kubwa. Ng'ambo ya pili ya mto zilikuwako nyumba za wenye cheo, bustani za mji, na jumba la hazina ya picha la Tate. Na si mbali sana lilikuwako Bunge lenyewe pamoja na kanisa kuu la Westminster. Watu walihofu kwamba salfa ingezila picha, ingeyatafuna mawe ya majengo na kuidhoofisha miti. Serikali ikatoa idhini kwa sharti: mtambo ujengwe, lakini salfa iondolewe katika moshi kabla moshi haujatoka.

Sharti hilo lilikuwa zito, maana hapakuwa na mtambo wa umeme mkubwa kiasi hicho uliowahi kufanya kazi hiyo. Lakini palipo na sharti la kweli akili huchangamka. Wahandisi walijaribu njia mbalimbali, mwisho wakafanya hivi: moshi ulipitishwa katika vyumba virefu ambamo maji ya Thames yalinyunyizwa kwa wingi, yakatiwa na chokaa ya mawe iliyosagwa. Salfa ikishikana na maji huwa tindikali, na tindikali ikishikana na chokaa hupoozwa. Mtambo ulianza kuzalisha umeme mwaka 1933, na kazi ya kuosha moshi ikafanikiwa: sehemu kubwa mno ya salfa, zaidi ya 90 katika kila 100 kwa hesabu za wahandisi wake, ilinaswa. Mtambo mwingine uliojengwa Fulham ukafuata kwa njia iliyotumia chokaa bila kuyarudisha maji machafu mtoni.

Kazi hiyo ilikuwa na kasoro zake, na mwandishi wa historia hana haki ya kuzificha. Maji ya Battersea yaliyobeba chumvi za salfa yalirudi katika Thames, kwa hiyo sehemu ya uchafu wa hewa ilikuwa uchafu wa mto. Tena moshi uliooshwa hupoa, na moshi baridi haupandi vizuri. Siku nyingine ulishuka karibu na mtambo badala ya kwenda juu. Kule Fulham kazi ilisimamishwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa kuwa ilihofiwa kwamba ule mvuke mweupe ungewaongoza marubani wa adui. Hata hivyo jambo moja lilikuwa limethibitika na halikuweza kukanwa tena: salfa yaweza kuondolewa katika moshi wa makaa, na mtambo ukaendelea kuzalisha umeme na kampuni ikaendelea kuishi.

Kisha ukaja ule mwezi wa Disemba 1952. Siku ya Ijumaa tarehe 5 baridi kali ilitanda juu ya London bila upepo. Hewa ya juu ilikuwa na joto kuliko hewa ya chini, ikaufunika mji mfano wa kawa lifunikavyo chakula. Kila nyumba iliwasha moto wa makaa. Viwanda na mitambo ya umeme nayo ilikuwa ikiwaka. Na moshi wote haukuwa na njia ya kutoka. Ukungu ukawa wa rangi ya manjano na weusi. Makondakta wa mabasi walitembea mbele ya magari yao wakishika taa. Ng'ombe walioletwa kwenye maonyesho ya mifugo walianguka wakafa. Katika jumba la Sadler's Wells mchezo wa opera ulikatizwa kwa sababu ukungu uliingia ndani na watazamaji hawakuweza kuona jukwaa. Upepo ulirudi tarehe 9, na ndipo watu walipoanza kuhesabu.

Hesabu hiyo ilikuwa ya kutisha. Wakati ule serikali ilikadiria kuwa watu kadiri ya 4,000 walikufa kwa sababu ya ukungu huo. Wataalamu walioipitia hesabu tena miaka mingi baadaye, wakajumlisha na vifo vya majuma yaliyofuata, walifikia kadiri ya 12,000. Wengi walikuwa wazee, wenye maradhi ya kifua, na watoto wachanga. Hawakufa barabarani mbele ya macho ya watu; walikufa vitandani mwao, mmoja hapa, mmoja pale, na kila daktari aliwaona wagonjwa wake bila kuwaona wa mwenzake. Ni daftari za vifo tu zilizowakusanya wafu hao pamoja. Yatupasa kuwa waadilifu na kusema kwamba sehemu kubwa ya moshi wa siku zile ilitoka katika majiko ya nyumbani, wala si mitambo ya umeme peke yake iliyolaumiwa.

Serikali iliunda kamati chini ya Sir Hugh Beaver mwaka 1953. Kamati ikatoa taarifa yake ya mwisho mwaka 1954. Na mwaka 1956 Bunge likapitisha Sheria ya Hewa Safi. Ilikuwa sheria njema. Iliwapa wakuu wa miji uwezo wa kutenga mitaa isiyoruhusiwa moshi, iliwasaidia watu kubadili majiko yao, na ilikataza moshi mweusi kutoka katika dohani za viwanda. Kwa miaka michache majengo ya London yalianza kuoshwa masizi, na watu wakashangaa kuona rangi halisi ya mawe yake. Lakini sheria hiyo ilishughulika zaidi na kile kitu cha kwanza, yaani moshi uonekanao. Ile hewa ya salfa isiyoonekana haikulazimishwa kuondolewa. Kuhusu hiyo lilitafutwa shauri lingine, nalo ndilo shauri la dohani.

Shauri hilo lilikuwa hivi. Mahitaji ya umeme yalikuwa yakikua upesi, na shirika la taifa la kuzalisha umeme lililoanza kazi mwaka 1958 lilijenga mitambo mikubwa mno, mingi yake katika mabonde ya mito Trent na Aire, karibu na machimbo ya makaa. Jivu lilikuwa limekwisha kupatiwa dawa. Tangu mwaka 1907 Frederick Cottrell, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha California, alikuwa ameonyesha kwamba chembe zilizomo katika moshi zikipitishwa kati ya nyaya na mabamba yenye umeme mkali hushikwa na umeme na kujibandika kwenye mabamba, kisha hukung'utwa kama vumbi la mkeka. Vyombo vya namna hiyo viliwekwa katika mitambo mipya, na moshi wake ukaonekana mweupe na safi. Ama salfa, wahandisi walisema haina haja ya kuoshwa: dohani ijengwe ndefu sana, moshi utoke kwa joto na kasi, upande juu ya mawingu ya chini, utawanyike katika anga pana hata usimdhuru mtu. Drax, mtambo mkubwa kupita yote, ulijengewa dohani ya mita 259.

Nani aweza kusema kwamba wahandisi hao walikuwa wajinga? Walipima, wakaandika, na vipimo vyao vilikuwa kweli: katika vijiji vilivyoizunguka mitambo hiyo salfa ya chini ilikuwa kidogo kuliko ambavyo ingekuwa kwa dohani fupi. Hesabu yao ilikuwa sahihi; kilichokosewa ni swali. Waliuliza ni kiasi gani cha salfa kitakachomfikia mtu aliye karibu. Hawakuuliza salfa yote inakwenda wapi. Tuchukue mfano wa hesabu. Mtambo wa megawati 2,000 uliweza kuchoma tani milioni 5 za makaa kwa mwaka. Makaa yakiwa na sehemu moja na nusu ya salfa katika kila 100, hiyo ni salfa tani 75,000. Nayo ikishikana na hewa katika moto uzito wake huzidi maradufu, ikawa tani 150,000 za hewa ya salfa. Dohani iwe ya mita 60 au mita 259, tani zile ni zile zile. Urefu wa dohani haukupunguza hata ratili moja. Mpishi aliyetoboa tundu kwenye ukuta ili moshi wake uingie kwa jirani, jikoni mwake mna raha. Lakini asijisifu kuwa amezima moto wenye moshi.

Jirani alikuwapo. Upepo mwingi wa Uingereza huvuma kutoka magharibi na kusini-magharibi kwenda mashariki, na ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini ziko nchi za Norway na Sweden. Sehemu kubwa ya ardhi ya huko ni mwamba mgumu usio na chokaa, kwa hiyo maziwa na mito yake haina cha kuipoozea tindikali iangukayo. Wavuvi wa kusini mwa Norway waliona samaki wakipungua mwaka hata mwaka, kisha wakaona maziwa yaliyokuwa maangavu kuliko zamani, maangavu kwa sababu hayakuwa tena na uhai ndani yake. Mwaka 1967 mtaalamu wa udongo wa Sweden, Svante Odén, aliyakusanya maelezo ya mvua kutoka vituo vingi vya Ulaya, akaeleza hadharani gazetini kwamba tindikali ile haikuzaliwa nyumbani tu, bali ilisafiri angani kutoka nchi za viwanda. Mwaka 1972 Sweden ililifikisha jambo hilo mbele ya mataifa katika mkutano wa mazingira uliofanyika Stockholm.

Hapo yakaanza mabishano ya miaka mingi. Waingereza walitaka uthibitisho: ni nani aliyeona salfa ya Uingereza ikivuka bahari? Je, si udongo wa Norway wenyewe, au misitu yake, au salfa ya Wajerumani? Maswali hayo hayakuwa ya kipuuzi yote, maana elimu hutaka ushahidi. Lakini kila mwaka wa kungoja ushahidi ulikuwa mwaka wa faida kwa mwenye dohani na mwaka wa hasara kwa mwenye nyavu. Mwaka 1979 mataifa ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini yalitia sahihi mjini Geneva mkataba juu ya uchafu wa hewa uvukao mipaka kwa masafa marefu. Mwaka 1985 nchi nyingi ziliahidi mjini Helsinki kupunguza salfa yao kwa sehemu 30 katika kila 100 kufikia mwaka 1993. Uingereza haikutia sahihi. Wakati huo huo shirika lake la umeme na lile la makaa yalikuwa yametoa paundi milioni 5 tangu mwaka 1983 ili wataalamu wa Uingereza, Norway na Sweden walichunguze jambo hilo pamoja. Uchunguzi ulizidi kuelekea kule kule walikokuwa wakielekeza wavuvi. Mwaka 1986 Uingereza ikakubali kuanza kuweka mitambo ya kuosha salfa, na mwaka 1988 ikafungwa na amri ya Jumuiya ya Ulaya juu ya mitambo mikubwa ya kuchoma makaa na mafuta.

Drax ndiyo iliyotangulia. Ujenzi wa vyombo vyake vya kuosha moshi ulianza mwaka 1988, sehemu ya kwanza ikafanya kazi mwaka 1993, na yote ikakamilika mwaka 1996. Moshi hupitishwa katika mnara ambamo uji wa chokaa ya mawe hunyunyizwa. Salfa hushikana na chokaa, hewa zaidi hupulizwa ndani yake, na zao lake ni jasi, ile ambayo mafundi huitengenezea mabamba ya kuta na dari. Katika kila sehemu 100 za salfa, 90 zilinaswa. Ukiacha ukubwa wa vyombo na ustadi wa kuyatunza maji yasimwagwe, yaliyofanyika Drax ni ndugu wa yale yaliyofanyika Battersea na Fulham.

Sasa msomaji na azitazame tarehe mbili: 1933 na 1993. Kati yake ni miaka 60 kamili. Mtu angeweza kudhani kwamba miaka hiyo ilitumika kutafuta elimu. Lakini elimu ilikuwapo. Ilikuwa imejengwa kwa matofali katikati ya mji mkuu, ikionwa na kila aliyepita juu ya Thames. Kilichobadilika ni mtu aliyesimama chini ya moshi. Mwaka 1929 aliyehofiwa kudhuriwa alikuwa na nyumba mkabala wa mtambo, na jamaa yake aliketi Bungeni, na picha azipendazo zilitundikwa ng'ambo ya mto. Neno lake lilisikiwa kabla hata tofali la kwanza halijasimama, na sharti likawekwa. Mwaka 1969 aliyedhuriwa alikuwa mvuvi wa nchi nyingine, asemaye lugha nyingine, asiyempigia kura waziri yeyote wa London. Neno lake lilihitaji miaka 20, mikutano mitatu ya mataifa na amri ya Jumuiya. Watu husema kuosha moshi ni gharama kubwa, na ni kweli. Lakini gharama haikuepukwa, ilihamishwa tu. Norway na Sweden zililazimika kutia chokaa katika maziwa na mito yao, tani maelfu kwa maelfu, ili samaki wapate kuishi. Katika Mto Mandal wa Norway kazi hiyo ilianza mwaka 1997, na samoni wakarudi. Chokaa ni ile ile. Isipotiwa ndani ya mnara na mwenye moshi, hutiwa ndani ya mto na mwenye samaki.

Matokeo ya kuosha, pamoja na ya kuacha makaa kidogo kidogo na kuchukua gesi, yalikuwa makubwa. Mwaka 1970 Uingereza ilitoa zaidi ya tani milioni 6 za hewa ya salfa. Mwaka 2020 haikufikia tani laki 2. Lakini kile kitu cha tatu kilikuwa kimekwisha kubisha mlango. Hewa ya ukaa hainaswi na uji wa chokaa. Zaidi ya hayo, kila chembe ya salfa inayoshikana na jiwe la chokaa huifungua hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe hilo tangu zama za kale, ikatoka kwa dohani pamoja na ile ya moto. Kiasi chake ni kidogo ukilinganisha na cha makaa yenyewe, lakini yatukumbusha kwamba hakuna kuosha kusikoacha maji machafu. Na kwa hewa hii jirani si Norway peke yake. Jirani ni kila mwenye kuishi chini ya mbingu, na wajukuu wake. Dohani haiwezi kuwa ndefu kuliko anga. Tarehe 30 Septemba 2024 mtambo wa Ratcliffe-on-Soar, wa mwisho wa makaa ya mawe nchini Uingereza, ulizimwa. Miaka 142 ilikuwa imepita tangu Holborn. Battersea ilikuwa imekoma kuzalisha umeme tangu mwaka 1983. Leo ni maduka na nyumba za kupanga, na dohani zake nne husimama kama pambo.

Habari hizi hazikuachia pwani yetu mbali. Katika muongo uliopita palikuwa na shauri la kujenga mtambo wa makaa wa megawati 1,050 katika Kaunti ya Lamu, karibu na mji wa kale ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia, na makaa yake yalikusudiwa kuletwa kwa meli. Watu wa Lamu walikwenda mbele ya Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira la Kenya, na mwezi wa Juni 2019 baraza hilo likaibatilisha leseni, likisema pamoja na mengine kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wako waliofurahi na wako waliosikitika, maana umeme ni haja ya kweli, na kijana asiye na kazi hawezi kulishwa hewa safi. Mimi si mhandisi wala mwanasheria, wala sikusudii kuwasemea watu wa Lamu, ambao wamekwisha kujisemea. Nasema kama mwalimu wa lugha aliyesoma historia: nyumba za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kulipwa chokaa. Salfa isiyopoozwa kwa chokaa ndani ya mnara huitafuta chokaa nyingine nje, na ukuta wa kale haujui kukataa.

Kila kizazi kitaletewa shauri lake, la makaa au la mafuta, la gesi au la kitu ambacho bado hakijapata jina katika Kiswahili. Shauri hilo litakuja na michoro mizuri, na ndani ya michoro itakuwamo dohani, iwe ya chuma au ya maneno. Hapo tusiulize urefu wake kwanza. Tuulize uzito wa kile kitakachotoka, mahali kitakapoangukia, na kama huyo kitakayemwangukia ameitwa penye baraza. Waingereza waliyajua majibu ya maswali hayo mwaka 1933, kwa sababu siku hiyo waulizaji walikaa ng'ambo ya mto tu. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Dohani ni bomba, na moshi ni moshi. Na lugha yetu, ijapokuwa ililibadili neno moja safarini, bado inayo maneno mawili ya kuvitenga vitu hivyo viwili.